Jiwe Lenye Mtoto Tumboni

Esdras alishuka Butembo kutoka Beni kwa sababu za kiafya: askari mmoja alikuwa anamtafuta ampige. Kule Beni alikuwa amemuuzia askari huyo kipande cha chupa ya zambarau, akimwambia kwamba wasomi wa kale walivaa jiwe la rangi hiyo ili pombe isiwalevye. Askari alikivaa, akanywa kwa imani, akaamka mtaroni bila viatu.

Hata kabla hajamaliza chai yake ya kwanza mjini, Esdras alimsikia mwanamume wa meza ya jirani akilalamika. Huyo alikuwa Muyisa, muuza mabati. Mabati yalikuwa yanapungua. Duka lilikuwa la mke wake, Kahindo, aliyeachiwa na baba yake, na Kahindo alikuwa ameapa kumpata mwizi. Muyisa alisema mwizi ni Bénite, binti wa dukani. Alilisema mara nyingi mno, na kila mara alitazama mlangoni. Esdras, aliyewajua wezi kama seremala anavyojua misumari, na aliyejua kwamba waume wengi wa Butembo wana nyumba ya pili Beni, akasogeza kiti.

"Papa, ile mabati inaendaka wapi?"

"Nitajua namna gani?"

"Mimi naona inafunika nyumba moya ya kule Beni. Nyumba ya mwanamuke."

Muyisa akaweka kikombe chini. "Nani alikuambia?"

"Hakuna mutu. Wewe njo unaniambia sasa."

Kisha akatoa mfukoni jiwe la kahawia, kubwa kama kiazi cha Lubero, akalitikisa. Ndani kitu kikalia: ko, ko.

"Iko na mimba," alinong'ona. "Jiwe ya tai. Tai hawezi kutaga bila hii. Mama mwenye kuzaa banamufungia ku mukono. Na ukiisaga kidogo mu chakula, mwizi hamezi. Ni basavants ba zamani baliandika, si mimi."

"Mais kama mwizi ni..." Muyisa hakumaliza.

"Jiwe inasikia mwenyewe wake. Unionyeshe mutu, itamukamata koo."

Walipatana malipo: pikipiki ya Muyisa, itakayotolewa kazi ikiisha.

Tuwatendee haki wasomi wale. Walikuwa watu wa heshima, walioketi mbali na machimbo wakaandika kwamba mawe hukua ardhini, kwamba yako ya kiume na ya kike, na kwamba mengine huzaa. Walikosea kwa unyoofu. Mmoja wao hata alimvisha nyoka mkufu wa zumaridi, aone kama macho yatapasuka jinsi vitabu vilivyodai. Nyoka akaendelea kuona vizuri kabisa, na msomi akaandika hivyo. Ukurasa huo Esdras aliuruka.

Jumamosi mchana walikusanyika katika ua wa nyuma ya duka. Majirani nao walikuja, maana katika mtaa ule habari haina haja ya kutumwa. Bénite alisimama karibu na jiko. Kila asubuhi kikombe cha kwanza cha chai alimpelekea mlinzi mzee wa duka, kabla hajanywa yeye, wala hakuna aliyemwagiza. Sasa alijua kwamba akiitwa mwizi leo, hakuna duka litakalompokea, kutoka Butembo mpaka Eringeti.

Esdras, aliyejitambulisha kwao kama Professeur, aliomba bugali, akawageuzia watu mgongo, akafinyanga mwenyewe matonge manne: lake, la Muyisa, la Kahindo na la Bénite. Matatu aliyapitishia jiwe juu juu tu. La nne alilijaza unga mkavu wa muhogo, wa kutosha kuziba koo la ng'ombe, akayapanga yote kwenye sahani moja, hilo likiwa upande wa Bénite. Lakini kwa kushindiliwa hivyo, tonge hilo likawa kubwa kuliko yote. Hapo ndipo ilipojulikana kwamba profesa wetu, aliyesoma habari za tai, hakusoma habari za nyumba aliyoingia.

"Mutu mwenye kuiba," alitangaza, "hata akuwe askofu, hata akuwe professeur, hatameza."

Bénite aliogopa, lakini alikuwa amelelewa vizuri. Alimnawisha mgeni mikono. Kisha akaizungusha sahani polepole kwa mikono miwili, mpaka tonge kubwa likamwelekea Esdras.

"Professeur, mugeni njo anakamata ya kwanza."

"Hapana, binti yangu. Ile ni yako."

"Yangu? Mimi mutoto wa hapa. Nitakula kikubwa, mugeni anibakie kuangalia?"

"Mu nyumba ya baba yangu," akasema Kahindo, "mugeni hapana kula kidogo. Kamata, Professeur. Ao kuna kitu unaogopa?"

Ua mzima ulimtazama. Esdras akatia tonge kinywani, akatafuna, akaacha kutafuna. Macho yalimtoka. Alikohoa, na unga ukampitia puani kama moshi.

"Bon," Kahindo akasema. "Moya tumepata. Na wewe, bwana yangu?"

Muyisa alishika tonge lake. Lilikuwa bugali tupu. Mtoto mchanga angelimeza. Lakini yeye ndiye aliyeuagiza uongo ule, na sasa, baada ya kuona nguvu zake kwa macho yake, aliuamini. Mkono ulipanda mpaka kidevuni, ukashuka.

"Sina njaa."

"Wewe? Tangu tuoane sijasikia ile neno."

Watu walicheka mpaka wakashikana mabega. Bénite peke yake ndiye aliyekimbia kuleta maji, akamshikia Esdras kikombe na kumpigapiga mgongo, mtu yule yule aliyekuja kumharibia jina. Esdras akanywa. Labda ni wema huo uliomlegeza, labda ni hasira. Kwa vyovyote alisema kweli, jambo ambalo hakulizoea.

"Ni yeye alinileta. Mabati iko Beni, ku nyumba ya mwanamuke wake."

Akatoka mbio bila pikipiki wala jiwe, akarukia lori la kwanza aliloliona likiondoka, bila kuuliza linakokwenda. Lilikuwa linakwenda Beni.

Bénite siku hizi ndiye anayeshika funguo za duka. Jiwe liko juu ya meza, karibu na mizani ya misumari. Mara moja moja Muyisa anaingia, anachota misumari kidogo, anasema kuna kitu anataka kutengeneza. Kahindo hagombani naye. Analichukua jiwe, analitikisa.

Ko, ko.

Muyisa anarudisha misumari.