Prosesa Mpya na Ng'ombe wa Mwenyekiti

Jumatatu, 2 Machi 1998

Dharau! Miaka miwili nimelinda seva ya chama chetu cha maziwa hapa Chaka. Ufunguo wa chumba chake nauvaa shingoni, hata kanisani. Na leo Mwenyekiti, Mzee Ngatia, anatangaza kwamba Ijumaa kamati itachagua Mkuu wa Kompyuta. Kuchagua! Kati yangu mimi, Simeon Kingori, na Wacera wa kaunta, msichana wa kozi ya miezi sita!

Sababu ni ati seva inajikokota. Sikatai, asubuhi inajikokota. Wakulima wanajaa, kila mmoja ng'ombe wake yuko kwenye joto, anataka fahali, na kaunta zote nne zinaiuliza seva kwa pamoja: baba wa ng'ombe huyu ni fahali gani? Lazima tujue, Mwai mpandishaji asije akampa ng'ombe mbegu za baba yake mzazi. Na ng'ombe aliyeonekana na joto jioni hupandishwa asubuhi yake. Hangoji mtu. Zamani tulikuwa na kadi, lakini kompyuta ilipokuja nilishauri zichomwe. Zilichemsha chai ya mkutano mkuu. Chai nzuri sana.

Dawa ni moja tu: prosesa mpya, yenye mbio mara mbili. Kamati imekubali. Wacera akanyoosha mkono na kusema tuongeze memori kwanza. Hakuna aliyemuuliza.

Jumanne, 3 Machi

Wacera amenifuata kwenye chai. "Baba Watiri, hii seva shida yake si mbio. Haina mahali ya kufanyia kazi." Ati prosesa ni karani, memori ni meza yake. Karani wetu ni hodari, lakini meza yake ni ndogo kama kigoda cha kukamulia, kwa hivyo kila faili lazima akimbie stoo, ambayo ndiyo diski, kuichukua na kurudisha nyingine. Ati nisikilize diski inavyokwaruza asubuhi nzima. Naisikia! Ni sauti ya kazi!

Nimemjibu kwamba trekta haliongezewi tela ili liende kasi. Amerudi kaunta. Nimeshinda.

Shemeji yake, Wamae, hutengeneza kompyuta Sagana na atamwazima vibao vya memori vya kujaribia. Seva ina megabaiti kumi na sita. Yeye anataka sitini na nne. Ulafi huo!

Jumatano, 4 Machi

Prosesa imefika. Nimeifunga mwenyewe, nimevaa suti. Nimewasha. Kaunta zimeuliza.

Inajikokota vilevile! Mama mmoja kutoka foleni ameuliza kama hii mpya ni ile ya zamani imeoshwa. Watu wamecheka. Hawana adabu! Nimewaeleza kwamba injini mpya haikimbizwi siku ya kwanza, huendeshwa polepole mpaka vyuma vizoeane. Wazee wenye pikapu wameitikia kwa vichwa. Nilipomaliza hata mimi niliamini.

Nyumbani, Wangechi ameniuliza ndani ya prosesa kuna vyuma gani. Mke wangu huyu husikiliza kupita kiasi.

Alhamisi, 5 Machi

IMEZOEA! Nilichelewa kidogo kwa sababu ya matope, nikakuta seva inaruka. Ukiandika jina la ng'ombe, baba yake anatokea kabla hujainua kidole. Diski kimya. Saa tatu foleni imekwisha. Mzee Ngatia amenishika mkono mbele ya wakulima. Nimetoa hotuba fupi ya dakika ishirini.

Kisha Wacera ananivuta kando. Ati saa kumi na mbili asubuhi aliweka memori ya Sagana, kwa ruhusa ya Mwenyekiti na kwa ufunguo wa akiba. Ufunguo wa akiba! Sikujua upo! Akasema, "Si tuwaambie tu ni kazi yetu sisi wawili?" Tugawane! Sifa si nyama ya mbuzi.

Lakini nimepata mpango. Kesho, mbele ya kamati, nitaitoa memori yake kwa mikono yangu mwenyewe. Seva itaendelea kuruka. Atatafuta pa kuficha uso.

Ijumaa, 6 Machi

Sina hamu ya kuandika. Naandika.

Mzee Ngatia alifika na habari: ng'ombe wake Dachesi, yule wa lita thelathini, alionekana na joto jana jioni. Apandishwe kabla ya saa sita. Vizuri, nikasema, Dachesi ndiye atakuwa shahidi wetu. Wacera akaomba kwanza tumtafute baba wa Dachesi, ndipo tutoe memori. Nikakataa. Najua ujanja! Nikazima, nikafungua, nikavuta. Vibano viwili vya plastiki vikakatika. Plastiki ya siku hizi takataka! Nikawasha. Kaunta nne zikauliza pamoja.

Diski ikaanza kukwaruza. Saa nne. Saa tano. Mwai alikaa nje na mtungi wake wa mbegu, akala andazi, akala la pili. Mzee Ngatia akaniuliza kwa upole, "Kingori, hii kitu bado inazoea?" Nikasema kidogo tu. Yeye mwenyewe hamkumbuki baba wa Dachesi. Akauliza kadi za zamani ziko wapi. Chumba kizima kikanitazama mimi.

Wacera akajaribu kurudisha memori. Haikushika, vibano havipo. Jibu lilitokea saa tisa na nusu. Dachesi alikuwa ametulia, anakula nyasi, hana haja na fahali yeyote duniani.

Ufunguo niliuvua mwenyewe. Wacera aliupokea kwa mikono miwili, na hakucheka. Hilo limeniuma kuliko yote.

Jumapili, 8 Machi

Kamati imeamua kuanzia kesho nitambebea Mwai mtungi. Mimi! Jana Wamae alikuja kutoka Sagana, akaweka vibano vipya, na ati memori iliporudi seva ikaruka tena. Bahati tu. Mkuu wa Kompyuta ameniletea salamu kwamba nikitaka atanifundisha. Kunifundisha!

Leo kanisani mahubiri yalikuwa juu ya unyenyekevu. Sikuyasikia vizuri, nilikuwa nafikiri. Na katikati ya sala nimeliona kosa langu, wazi kabisa. Prosesa moja haiwezi kutumikia kaunta nne. Tunahitaji ya pili!

Barua kwa kamati iko tayari, nakala tatu. Dachesi atarudi kwenye joto baada ya siku ishirini na moja. Muda upo wa kutosha.