Sumu Iliyochelewa Baada ya Sherehe

Idara ya Kufunga Sumu, ambayo mimi ndiye mkurugenzi wake, iliwatangazia wakazi wote wa Kisangani kwamba sumu ya samaki imekwisha. Wahuni fulani walikuwa wamemwaga dawa ya wadudu mtoni ili samaki waelee wenyewe. Watu wakala, wakatapika, wakapona. Nikaifunga sumu hiyo kwa tarumbeta na hotuba, na ili kuwatoa raia wasiwasi nikala mbele yao liboke nzima, furushi la majani lenye samaki wale wale, nikalamba na majani. Kutapika nilitapikia nyumbani, kama inavyompasa mtu wa cheo.

Wiki kadhaa baadaye akaja Mama Germaine, muuza samaki wa Yanonge, akinyanyua magoti kama bata kwenye tope. Ndara yake moja ilibaki mlangoni.

"Papa Directeur, miguu yangu inakufa. Ndara inatoka, sisikie hata. Munganga anasema ni ile sumu, inakawiaka mu mishipa. Unitume ku hopitali, niko na batoto."

"Mama, ile sumu tulishafunga."

"Alors, miguu haikupata habari?"

Nilimweleza kwa upole kwamba sumu iliyofungwa haina ruhusa ya kuchelewa. Dalili inayofika baada ya sherehe ni mambo ya mtu binafsi, pengine uvivu.

Kisha likaja gwaride la wafanyakazi wa serikali. Nilipita mbele ya wakubwa kifua mbele, watu wakacheka, nikadhani wananishangilia, nikawapungia mkono. Kumbe kiatu changu cha ngozi ya mamba kilikuwa kimebaki peke yake mbele ya jukwaa, na askari mmoja mwenye nidhamu anakipigia saluti. Sikuwa nimehisi kitu. Niliogopa sana, sifichi.

Kesho yake nilisimama kwenye dirisha la idara yangu, upande wa nje wa raia, kuomba nitumwe hospitali. Karani wangu Landry aliinuka kwa heshima.

"Pole sana, Papa Directeur. Lakini sumu ilifungwa."

"Landry, ni mimi nilifunga!"

"Ndiyo, papa. Na uliandika haifunguliwe tena, hata na directeur. Ulifunga muzuri sana."

Nikajikokota hadi benchi la raia. Mama Germaine, ambaye hakuwa amekosa kuja hata asubuhi moja, alisogea kidogo nikakaa. Aliitazama miguu yangu, kisha uso wangu, bila kutabasamu.

"Siye tunangojea directeur," akasema. "Na weye, papa, unangojea nani?"

"Ni yeye tu, mama," nikajibu.