Jiwe Lililopanda Mlima

Jumatatu, 4 Agosti

Nimekwisha! Mbio za mlima na ziwa ni Jumamosi, na jina langu limo.

Kosa ni la fundi viatu, jirani yangu wa ukuta mmoja. Kaja kunyolewa ndevu, kaitazama picha yangu iliyo juu ya kioo: mimi nimeinua mikono, mlima uko mgongoni. Akasema mbele ya wateja wanne kwamba pale si kileleni, ni pale wanapoegesha magari. Ni kweli. Lakini nani kamuuliza? Kwa hasira nikatangaza kwamba Jumamosi nazunguka mzunguko wote, kilomita ishirini na sita, na jiwe naleta.

Jiwe ndiyo dawa ya waongo kama mimi. Kila mkimbiaji huteremka na jiwe jekundu, na mekundu yako kileleni tu. Huna jiwe, hukufika.

Binti yangu wa miaka tisa alikuwa kwenye benchi, akasikia yote. Keshamwambia mwalimu wake. Anasema atasimama uwanjani anipokee jiwe mkononi. Nikimwangusha huyu, sina pa kuuficha uso.

Jumanne, 5 Agosti

Mazoezi. Nimekimbia hadi kwa muuza magazeti. Nimerudi kwa pikipiki. Mazoezi yametosha.

Jumatano, 6 Agosti

Nimepata! Watu huanza na mlima, humalizia kando ya ziwa. Pale ziwani, karibu na uwanja, kuna kichaka kinene. Nitabaki nyuma, nipite uchochoroni, nijilaze kichakani mpaka wenzangu warudi, kisha nichomoke. Njia ya mwongo ni fupi, wanasema. Vizuri! Fupi ndiyo ninayoitaka.

Limebaki jiwe. Nikaenda kumwamkia Mama mkwe. Ni mkunga mstaafu, miaka sitini na mitatu, kazalisha nusu ya mji huu. Hata mimi alinipokea yeye, akaja kunipa na binti yake juu. Mbio hizi hakosi. Dirishani kwake kuna mawe mekundu kumi na moja, yamepangwa mstari. Alipokwenda jikoni kunichemshia chai, yakabaki kumi.

Ijumaa, 8 Agosti

Leo mkutano wa wakimbiaji, maelekezo ya njia. Sikwenda. Mwenye njia yake anaelekezwa nini? Nimekwenda kutandika gunia kichakani.

Jioni Mama mkwe kapita kinyozini, kaniuliza kama niliyasikia ya mkutanoni. Nikamwambia nimeyasikia yote, neno kwa neno. Akanitazama sana, akaniombea heri.

Jumamosi, 9 Agosti

Naandika nimelala kifudifudi. Kukaa siwezi.

Filimbi ilipolia niliinama kufunga kamba za viatu. Nilipoinuka, watu hawapo. Safi! Uchochoro, kichaka, gunia. Usiku sikuwa nimepata hata lepe la usingizi kwa hofu, basi hapohapo nikapitiwa.

Nikashtuliwa na mtu anakohoa jirani na sikio langu. Kisha vishindo vya miguu. Wamerudi! Nikachomoka na usingizi wangu, nikafuata mkumbo. Nikapita watu kumi, ishirini, arobaini! Nikawa wa kwanza. Nikainua mikono kama kwenye picha. Uwanja hauji. Nikaongeza mwendo, bado hauji. Halafu nikaona ziwa liko kulia kwangu. Lilitakiwa liwe kushoto! Na mbele yangu mlima umesimama.

Mwaka huu mzunguko umegeuzwa. Ziwa kwanza, mlima baadaye. Ndiyo yale ya mkutanoni!

Nirudi? Nyuma yangu watu mia moja, wote wameniona nimeinua mikono. Na mtoto anangoja uwanjani. Nikapanda.

Wale arobaini wakanipita tena, mmoja mmoja, kwa salamu. Mama mkwe naye akapita, kitambaa chake cha manjano kichwani, hatua fupifupi, hata hahemi. Penye mwamba wa mwisho miguu ikagoma. Nikakaa chini. Nikalia, sifichi.

Nikasikia mtu anashuka. Mama mkwe! Alikuwa keshafika kileleni, akangoja, akaona sitokei, akarudi kunifuata. Mlima ule watu wanaupanda mara moja kwa mwaka wakasimulia miezi sita. Yeye kaupanda mara mbili asubuhi moja! Akaniwekea mkono mgongoni. Akaniambia nisitazame juu, nivute pumzi, niiachie polepole, haya sasa, nisukume. Nikasukuma. Ni mara ya pili mama huyu kunitoa penye dhiki.

Kileleni nikaanguka, na jiwe likatoka mfukoni, likabingirika katikati ya wenzake. Duniani mawe yote mekundu yameteremshwa, langu peke yake limepandishwa. Nikatamani ardhi ipasuke. Yeye akasema tu kwamba maskini, limekumbuka kwao. Kisha akanitaka nichague langu, kwa mkono wangu.

Tukishuka akaniuliza kama nililala vizuri. Nikajibu vizuri sana, na mapema. Akacheka mpaka akashika mti. Sijui nini kilimchekesha.

Tumekuwa wa mwisho, mimi na yeye. Kila mwaka huwa wa kwanza katika rika lake. Leo kaiacha nafasi hiyo kwa ajili yangu, wala hakuitaja. Binti yangu kalipokea jiwe kwa mikono miwili, kalinusa, kasema lina harufu ya juu. Fundi viatu kavua kofia. Nampenda Mama mkwe. Natamani ningekuwa na robo ya moyo wake.

Jumanne, 12 Agosti

Nimeteremsha picha yangu, nimetundika ya Mama mkwe. Kila mteja namsimulia alivyopanda mara mbili. Wakiuliza kwa nini, nasema kuna mkimbiaji mmoja alizidiwa.

Ila nimefikiri. Nasikia mwakani mzunguko unarudi kama zamani, mlima kwanza, ziwa mwisho. Maana yake kichaka changu kitakuwa mahali pake hasa! Mpango haukuwa na kasoro, ulikosa mwaka tu.

Jioni nimekwenda kukikagua. Gunia lipo, limekung'utwa, limekunjwa vizuri. Na kwenye tawi mtu amefunga kitambaa cha manjano, kinafanana kabisa na kile cha Mama mkwe.

Kaniwekea alama nisikikose. Kumbe dunia bado ina watu wema!