Ndege ya Kivita ya Nether Wickling Imefikia Asilimia Tisini na Tatu

Mheshimiwa Kanali mstaafu, mwenye mashamba tunayolima sote. Mheshimiwa Mchungaji, pamoja na mama mchungaji. Waheshimiwa wajumbe wa Halmashauri ya Kijiji cha Nether Wickling. Waheshimiwa wapiga kengele za kanisa. Mheshimiwa fahali aliyeshinda utepe mwekundu asubuhi ya leo. Mabibi na mabwana, na ninyi mlioingia hemani kukimbia mvua na kunywa chai ya bure: itifaki imezingatiwa. (Makofi ya watu watatu. Fahali anakohoa.)

Mimi Obadiah Thurkettle, Mwenyekiti wa Kamati ya Ndege ya Kivita, shule sina, na shule yenyewe inajuta kunikosa. Wakati wa vita nikiwa handakini nilimwonyesha rubani wa Kijerumani ngumi moja tu, akageuza ndege akarudi kwao kulala. (Jessup mfua vyuma: "Juzi kilabuni ulisema ulimwonyesha kijiko.") Kijiko kilikuwa mkono wa pili, Jessup. Usinikate mtiririko.

Ndugu wananchi, miaka miwili iliyopita, hapahapa kwenye maonyesho yetu ya maua na mifugo, niliwaahidi ndege ya kivita ya kijiji chetu wenyewe, yenye mabawa mawili, moja juu ya jingine kama vitanda vya bweni, yenye bunduki mbili zinazopitisha risasi katikati ya pangaboi linalozunguka puani pa ndege bila kuligusa, na rubani anayekaa kichwa nje, mvua ikinyesha inamnyeshea kama Mwingereza yeyote. Baada ya upembuzi yakinifu, tathmini shirikishi, na mikutano arobaini na moja iliyofanyika kilabuni kwa sababu za kiusalama, naomba kutamka rasmi kwamba mradi umefikia asilimia tisini na tatu, na zile saba zilizobaki ziko kwenye mchakato. (Minong'ono. Mtu anauliza hizo tisini na tatu zimeegeshwa wapi.) Swali zuri, litajibiwa na kamati ndogo.

Sasa nije kwa akina mama. Mabawa ya ndege hii, jamani, si bati, ni kitani. Kinashonwa, kinapakwa dawa yenye harufu ya pipi za tunda la pea, kinakaza mpaka ukikigonga kinalia kama ngoma. Nilipoomba kitani, kina mama mlitoa mashuka yenu bila kunung'unika. Bi Gooderham alitoa kumi na mawili, ya harusi yake mwenyewe, yenye herufi za jina lake pembeni kwa uzi wa bluu. (Bi Gooderham anasimama.) Kaa tu, Bi Gooderham, nakusifia. Hakai. Haya, sema.

("Mwenyekiti, Elsie wangu anaolewa Jumamosi. Mama yangu alinipa mashuka, na mimi sina hata moja la kumpa mwanangu. Nionyeshe ndege nijue yako wapi, au nirudishie.")

Suala hilo, mama, ni mtambuka, na serikali ya kijiji inalitazama kwa jicho la pekee. Shuka likishaingia kwenye ulinzi wa taifa halirudi kitandani. Elsie atalala akijua kwamba... (Bi Gooderham hamtazami tena Mwenyekiti. Anatazama juu. Ananusa.) Mama, tazama huku mbele. Huko juu hakuna ajenda.

(Jessup anapanda juu ya benchi, anagonga paa la hema kwa kidole. Dum. "Bi Gooderham, uzi wa bluu huu hapa.")

Ndugu wananchi, tusifike huko. Namalizia kwa kaulimbiu. Nikisema anga, ninyi mseme letu! (Fahali peke yake anaitika.) Nikisema Wickling, mseme juu! (Wanaume wanatoka nje kwenye mvua, wanaanza kung'oa vigingi.)

Kwa hiyo nawashukuru. Nawashukuru akina mama kwa mashuka sitini na manne, ambayo, kwa kuwa injini haikuwahi kuagizwa, na pangaboi halikuwahi kuchongwa, na rubani tuliyemwandikia alijibu tumwache kabisa, kamati kwa hekima yake iliyageuza kuwa hema hili, na mtakubali kwamba hata tone moja halijawagusa leo. (Kamba ya mwisho inafunguliwa. Hema linashuka polepole juu ya jukwaa, watu wakiwa wameshatoka na vikombe vyao. Bi Gooderham anasema halitarudi kwa kamati: Jumamosi litasimama uwanjani kwake, Elsie ataolewa chini yake, na Mwenyekiti ndiye atakayelibeba mpaka huko na kupigilia kila kigingi.)

(Sauti kutoka chini ya kitani:) Azimio limepita bila kupingwa. Asanteni sana kwa kunisikiliza. Jessup, ndugu yangu, naomba uninyanyulie hili bawa.