Fomu Kumi na Moja za Kunisifu

Jumatatu, 3 Machi
Mkurugenzi mpya katukusanya katikati ya cherehani. Anataka karakana yetu ya sare ijali mazingira, na kiongozi wa mazingira tumchague wenyewe Ijumaa. Msimamizi ni mimi. Nani mwingine? Mke wangu kanikumbusha nisitukane wakunga na uzazi ungalipo. Hanijui.

Jumanne, 4 Machi
Nimezima feni zote. Kuokoa umeme! Kufika saa sita fundi wa vifungo kalowa chapachapa, na mashati mawili ya wateja yameingia jasho. Bi Mkasi, mkata vitambaa wetu, aliinuka. Alichukua mkasi wa zamani, akakwangua rangi iliyogandisha madirisha miaka nenda rudi, akayafungua. Upepo ukaingia mwanana. Wakampigia makofi yeye. Na feni nilizima mimi!

Alhamisi, 6 Machi
Mkurugenzi kagawa fomu: je, mnaridhika na kazi? Majina yasiandikwe. Ngekewa hiyo. Zilibaki kumi na moja, nikaenda kuzijaza chooni. "Msimamizi wetu ni nuru." "Bila msimamizi ningeacha kazi." Nyingine kwa mkono wa kushoto. Mjanja ni mjanja.

Ijumaa, 7 Machi
Nimeitwa. Mkurugenzi kapanga fomu ishirini mezani, taratibu.

"Wafanyakazi mko tisa, na wewe ukiwemo," akasema. "Hawa kumi na mmoja wanaokupenda hivi ni akina nani?"

Akanisogezea fomu moja. Mwandiko wa Bi Mkasi, naujua. Kaandika kwamba msimamizi ana makeke mengi, lakini mtoto wake yeye Bi Mkasi alipolazwa hospitali nilimkatia vitambaa vyake siku tatu na sikumwambia mtu. Mwisho: "Tusimkose."

Nikasema vumbi la pamba limeniingia machoni. Mkurugenzi akanipa leso.

Jioni tukapiga kura. Bi Mkasi kapata zote tisa. Ndiyo, na yangu.

Jumatatu, 10 Machi
Bi Mkasi kanikabidhi mabaki ya vitambaa. Yasitupwe, tushone mito ya viti, maana migongo inatuuma. Watu wamechangamka, fundi wa vifungo anaimba. Mimi nikaona kazi bila cheo hainogi. Nimejishonea utepe wa kuvaa begani: MKUU WA MABAKI YOTE. Vipande vilikuwa vidogo, maneno hayakuenea.

Nimekata mita mbili za kitambaa kipya.