Kiziwi wa Usaili

Jumatatu, 3 Machi 2025

Dodoma imejaa ofisi za serikali, na hakuna hata moja inayonihitaji. Leo nimeona tangazo: karani wa masjala, nafasi moja, watu wenye ulemavu watapewa kipaumbele. Nikajikagua. Miguu mizima. Macho mazima. Hasara tupu! Lakini masikio, nani anayaona? Nimejaza kwamba mimi ni kiziwi. Cheti cha daktari kinatakiwa siku ya kuripoti kazini. Tutajuana hukohuko.

Jumatano, 12 Machi

Nimeitwa! Usaili keshokutwa. Nimeanza mazoezi hapahapa mtaani Kikuyu, kwa dada Restuta ninakokaa. Ameniita mezani, nikakaza shingo. Akaita tena. Nikatazama ukuta. Wali wangu akaula shemeji Meshack. Yeye anasikia vizuri sana.

Ijumaa, 14 Machi

Tulikuwa wawili tu. Mwenzangu anaitwa Naima, dada wa Kondoa, kiziwi kweli, na ana diploma ya utunzaji kumbukumbu. Aliponiona alifurahi, akanisalimia kwa lugha ya alama. Nami nikarusharusha mikono, kwa heshima zote. Akacheka mpaka machozi. Akaniandikia kwenye simu kwamba nimemwambia mbuzi wangu ameoa kanisa.

Halafu akaacha kucheka. Akaandika: "Wewe unasikia."

Nikatazama ukuta. Akaandika tena: "Kila usaili niliokwenda hakukuwa na mkalimani. Leo yupo. Na leo ndiyo umekuja wewe?"

Nikamwandikia kuomba asinichongee. Akaitia simu mkobani, akanipa mgongo.

Ndani, mkalimani akaanza na mikono yake. Nikaandika haraka kwamba mimi husoma midomo. Mwenyekiti wa jopo, Mama Paulina, akawa anauliza taratibu, mdomo wazi kama mlango. Nilikuwa namudu! Mara nyuma yangu ikaja sauti ya mzee, mjumbe aliyechelewa:

"Hodi!"

"Karibu! Shikamoo!"

Ni mimi huyo. Mwenyewe. Kwa sauti.

Mkalimani akashusha mikono. Mama Paulina akauliza kama masikio yamepona hapohapo. Nikasema Mungu ni mwema. Akaniambia nitoke kabla hajamwita mlinzi.

Jumatatu, 24 Machi

Naima kapata kazi. Nimepishana naye karibu na stendi, kitambulisho shingoni, anatembea kama mtu mwenye pa kwenda. Akanitazama, hakunipungia. Iliniuma kweli. Iliniuma mpaka kwenye kona, penye ubao wa matangazo.

Jumanne, 25 Machi

Sijalala kwa furaha. Kuna ofisi kule Zuzu inataka karani, na wanawake wanahimizwa sana kuomba. Dada Restuta ana sifa zote! Ataomba yeye, usaili atakwenda yeye, kazini nitaripoti mimi. Hajakataa.

Sijamwambia bado.