Kahawa Isiyonywewa

Jumanne, 15 Januari 2008, Nizwa

Baridi! Vidole havishiki kalamu. Mzee Turki wa Sur kapiga simu: kesho anakuja na mwanawe Wadhah kumposa Lamya. Mwanangu wa pekee! Sur ni mwendo wa saa nne kwa gari. Nani atanicheka nikivaa soksi na makubadhi?

Lamya anamtaka. Ghaniya, mama yake, anamtaka. Nikikataa waziwazi nitafukuzwa kwangu. Lakini nimepata wazo, na zuri mno. Watu wa Sur wamezoea joto la pwani. Hita nitaificha kwenye buti la gari, madirisha ya majlisi, chumba cha wageni, nitayafungua upande wa mlimani, na jawabu nitalichelewesha. Hawatakaa nusu saa. Akili hii ilikuwa wapi nilipokuwa skuli Tabora?

Jumatano, 16 Januari

Wamefika alasiri. Upepo unapuliza hadi mazulia yanainuka. Mzee Turki kasema maneno ya posa kwa adabu kubwa. Nikamwambia nitafikiri. Ghaniya kaleta dele la kahawa, kamimina. Wageni wakaweka vikombe chini, hawakugusa. Ndiyo desturi: waposaji hawanywi kahawa ya nyumba mpaka wajibiwe. Safi kabisa! Baridi, na cha kuwapasha moto hakuna.

Halafu mvua. Mvua gani, gharika! Wadi, ule mto mkavu wa bondeni, imeteremka na maji, barabara haionekani. Umeme umekatika. Wageni hawawezi kwenda popote. Ghaniya kaniambia nitandike magodoro matatu majlisini, maana mwenye nyumba hawaachi wageni wake. La tatu ni langu!

Alhamisi, 17 Januari

Meno yananigongana. Dirisha moja limevimba kwa maji, halifungiki. Paa linavuja, tena juu ya godoro langu tu! Wadhah kataka kamba ya kujifunga apande paani. Ghaniya kaenda kuitafuta kwenye buti la gari, kaikuta hita. Kanitazama. Kampa Wadhah kamba yake. Heri angenigombeza.

Wadhah kakunja kanzu, kapanda juu mvuani, kauzibua mlizamu wa kutolea maji ya paa kwa mkono. Katoa kiota kizima cha ndege! Mwaka wa tatu huu nasema nitauzibua mimi. Kashuka kalowa chepechepe, kaniomba radhi kwa kuchafua ngazi. Kijana gani huyu! Nimekasirika kwa jinsi ninavyompenda.

Na Ghaniya! Gesi imekwisha, umeme hakuna. Kawasha seredani la mama yake, kapika mkate wa ufuta, kakausha nguo za watu watatu juu ya makaa yaleyale. Hakunung'unika hata mara moja. Mwanamke huyu angepewa wizara, nchi ingetulia.

Mzee Turki kala mkate, kahawa hakugusa. Inafuka mbele yake, naye anatetemeka. Nikamsihi anywe, nikasema hii ni dharura. Kajibu kwa upole kwamba baridi ataivumilia, ila kikombe hatakinyanyua kabla ya jawabu langu. Nikaona haya.

Ijumaa, 18 Januari

Mzee Turki anakohoa. Midomo imempauka. Mgeni wangu, ndani ya nyumba yangu, anaganda kwa ajili yangu! Nikakimbilia jikoni. Lamya alikuwa anapuliza makaa. Kaniuliza jambo moja tu: je, ningefurahi aolewe kwa watu wasioweza kungoja jawabu la baba yake?

Nikarudi majlisini, nikawaambia wanywe, binti ni wao. Mzee Turki kashika kikombe kwa mikono miwili. Machozi yakamtoka. Na mimi pia, ila nikasema ni moshi wa seredani. Wamenywa madele mawili. Nitamkosa sana mwanangu, na watu hawa ni watu kwelikweli.

Jumamosi, 19 Januari

Jua! Wadi imepungua, wageni wameondoka. Lamya kanibusu kichwani, anaimba nyumba nzima. Ghaniya na Mzee Turki wamekubaliana harusi iwe hapa kwetu, Julai. Nikasema inshallah, nikatoka nje nifikiri.

Julai! Sur wana upepo wa bahari. Nizwa Julai ni tanuri. Kiyoyozi cha majlisi kinaweza kuharibika wiki ileile, na fundi mwezi ule hapatikani ng'o. Hawatastahimili. Wataomba wenyewe harusi isogezwe mpaka Januari, na Januari yetu wanaijua: wataomba irudi Julai.